Mtindio wa ubongo: Umaskini unavyomlemaza mtoto mara ya pili

WATOTO wawili wanaweza kuzaliwa siku moja katika hospitali moja mjini Nakuru, wote wakachelewa kulia, na ubongo wa kila mmoja ukaumia kwa kiasi kile kile. Hilo halina maana kwamba miaka kumi baadaye watakuwa wakiishi maisha yanayofanana.

Mmoja huenda akawa anajilisha kwa kijiko chenye mpini mnene, anaketi kwenye kiti kilichotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake na anafikishwa shuleni kwa gari. Mwenzake huenda bado amelazwa kwenye godoro ndani ya chumba cha kupangisha mtaani Kaptembwo au Rhonda, miguu imejikunja na kukakamaa, akimsubiri mama arudi kutoka kibaruani ndipo anywe maji.

Jeraha la ubongo ni lile lile. Kinachowatenganisha ni mfuko wa mzazi, na kila kitu ambacho mfuko huo hununua au hushindwa kununua: muda, nauli, nafasi ya kutambaa, choo kilicho karibu, chakula kinachomezeka, na mtu wa kukaa na mtoto mchana.

Suala hili halizungumzwi sana katika Kaunti ya Nakuru na maeneo jirani ya Bonde la Ufa ya kati. Ulemavu wa mtoto huelezwa kama jambo la hospitali, au jambo la Mungu, na katika baadhi ya vijiji kama laana ya ukoo wa mama. Nadra kuelezwa kama jambo la uchumi.

Kwanza ni vyema kufafanua maneno. Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Athari yake kuu ni katika misuli na mwendo: viungo hukakamaa au hulegea, na mwili hukataa kutii. Baadhi ya watoto huwa pia na kifafa, au matatizo ya kuona, kusikia, kumeza na kusema.

Katika mazungumzo ya kawaida, jina hilo hilo hutumiwa kwa kila mtoto anayedhaniwa kuwa mzito wa akili. Hapo ndipo kosa la kwanza hutendeka. Wako watoto wengi wenye mtindio wa ubongo ambao akili zao ni timamu kabisa, ila ulimi na mikono havitoi kilichomo kichwani. Mtoto wa aina hiyo akizaliwa katika familia isiyo na uwezo wa kumfikia mtaalamu, huweza kuishi miaka mingi akisemwa mbele yake kana kwamba hasikii.

Vyanzo vyenyewe tayari vina alama ya umaskini. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya mtoto mchanga yasiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati, na katika nyanda za chini za Baringo, malaria inayopanda kichwani: yote haya hupungua pale mama anapofika kituo cha afya kwa wakati na kumpata mhudumu aliye kazini.

Mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye mpango huo ukageuka kuwa Linda Mama. Hatua hiyo iliwafaa wengi. Lakini ada haikuwa kizuizi pekee. Mama wa Olenguruone au Keringet anayeshikwa na uchungu usiku wa mvua, barabara ikiwa ni tope tupu, bado humhitaji mwenye gari au pikipiki, na mwenye gari humhitaji mwenye pesa.

Isitoshe, mgomo wa madaktari wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 na kuisha Machi 2017, ukifuatiwa na ule wa wauguzi mwaka huo huo wa 2017, uliwaonyesha Wakenya ni nani hubaki mlangoni huduma za umma zinapofungwa. Wenye fedha walikwenda hospitali za kibinafsi. Wasio nazo walijifungulia nyumbani au walikosubiri. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei.

Uwezo na utendaji

Wataalamu hupima ukali wa hali hii kwa kipimo cha ngazi tano kilichochapishwa mwaka wa 1997 na Robert Palisano na wenzake waliohusishwa na Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada. Mtoto wa ngazi ya kwanza hutembea na kupanda ngazi bila kushikiliwa, japo kasi na mizani yake si kamili. Wa ngazi ya tano hawezi kuinua kichwa vyema na hubebwa au kusukumwa kila aendako.

Kipimo hicho hueleza mwili. Hakielezi siku ya mtoto. Tangu mwaka wa 2001, Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza tofauti kati ya kile mtu anachoweza kufanya katika mazingira yaliyotayarishwa, na kile anachokifanya hasa nyumbani kwake. Baina ya mambo hayo mawili ndipo kipato cha familia hupenya.

Tazama nyumba. Sehemu kubwa ya wakazi wa mitaa ya mapato ya chini mjini Nakuru, na ya Karagita na Kihoto huko Naivasha, huishi katika ploti: safu za vyumba, familia moja kwa chumba kimoja, mfereji mmoja wa maji uani na choo kinachotumiwa na majirani wote. Ndani ya chumba mna kitanda, jiko, mitungi ya maji, nguo na viti viwili. Sakafu iliyobaki haitoshi mtoto kujifunza kugeuka, sembuse kutambaa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo humwelekeza mama amlaze mtoto kifudifudi kila siku, amnyooshe miguu, amwekee kitu cha kuchezea mbali kidogo ili ajivute akifuate. Ni maagizo mazuri. Lakini hayo ni mazoezi yanayodai sakafu kavu, safi na yenye nafasi, na mtu asiye na haraka.

Choo nacho ni habari ndefu. Mtoto wa miaka minane anayeweza kukaa akishikiliwa angefunzwa kwenda haja kwa wakati maalumu iwapo nyumba ingekuwa na choo cha kukalia na cha kujishikilia ukutani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa, chenye foleni asubuhi, hakimfai hata kidogo. Kwa hiyo hubaki kwenye nepi, au vitambaa, na kitabibu ataandikwa kuwa hajimudu kwa choo. Ukweli ni kwamba choo ndicho kisichommudu yeye.

Hali ni hiyo hiyo kwa kula. Mtoto ambaye misuli ya koo haishirikiani huhitaji kuketishwa wima, kupewa chakula kilichopondwa vizuri, kijiko kidogo kidogo, na pumziko. Mlo mmoja huweza kuchukua saa nzima. Mama anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi gari la shamba la maua hana saa hiyo. Humlisha akiwa amemlaza mapajani, uji mwepesi, upesi upesi. Uji mwepesi hauna lishe ya kutosha, na mtoto aliyelala huvuta chakula hadi kwenye mapafu. Nimonia za mara kwa mara na wembamba wa mtoto huyo hudhaniwa kuwa sehemu ya ugonjwa wake.

Kisha kuna nauli. Huduma za tiba ya viungo katika ukanda huu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa: ile ya rufaa ya Nakuru, ambayo wakongwe bado huiita PGH, na zile za Naivasha, Molo, Kabarnet na Nyahururu. Hospitali ya upasuaji wa mifupa ya watoto ya CURE iko Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako imekuwa ikihudumu tangu 1998.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama anayetumia Sh400 kwenda kliniki na kurudi, mara moja kwa wiki, atahitaji Sh1,600 kila mwezi kabla hajalipia huduma wala kununua dawa ya kifafa. Siku hiyo hiyo hukosa ujira wake. Na mtoto akishakuwa mzito wa kubebwa mgongoni, utingo wa matatu huweza kudai nauli ya viti viwili, au kukataa kiti cha magurudumu kabisa.

Kliniki ya kila wiki hugeuka kuwa ya kila mwezi. Ya kila mwezi huwa ya pale mtoto anapougua. Katika daftari la hospitali, huyo huandikwa kuwa mzazi aliyeacha kuhudhuria. Neno hilo "aliyeacha" lina ukatili ndani yake.

Wanaotoweka katika takwimu

Ni lazima kukiri kwamba fedha hazirekebishi ubongo. Ukali wa jeraha ndio unaotangulia katika kuamua kama mtoto atatembea. Mtoto wa tajiri aliye katika ngazi ya tano hatakimbia kwa sababu baba yake ana nyumba Milimani.

Hata hivyo, kwa watoto walioumia zaidi, kipato huamua jambo zito kuliko kutembea. Huamua iwapo wataishi.

Ushahidi bora zaidi katika Afrika Mashariki umetoka Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge. Utafiti ulioongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulichunguza zaidi ya watoto 31,000 nyumba kwa nyumba, na kukadiria kuwa karibu watoto 3 kwa kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, kiwango kilicho juu ya kile cha mataifa tajiri. Watafiti waliporudi miaka iliyofuata kuwatazama watoto hao, waligundua kuwa walikuwa wakifariki kwa kasi ya takriban mara 25 ikilinganishwa na watoto wengine wa eneo hilo.

Matokeo hayo yana funzo kwa yeyote atakayetaka kulinganisha watoto wa familia maskini na wa familia zenye uwezo katika kliniki ya Nakuru. Akikuta kwamba tofauti ya utendaji wao si kubwa sana, asifanye haraka kusema kuwa kipato hakina athari. Watoto wa maskini walioumia vibaya zaidi huenda hawako tena kuhesabiwa, au wako nyumbani Kuresoi ambako hakuna aliyewafikia. Waliofika kliniki ni waliosalia na waliopata nauli.

Hesabu rasmi ya taifa nayo haisaidii. Sensa ya 2019 ilipata kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu, yaani takriban watu 900,000. Lakini maswali ya ulemavu yaliwahusu watu wa umri wa miaka mitano na zaidi. Mtoto wa miaka miwili ambaye hajashika shingo, ambaye huu ndio wakati ubongo wake ungenufaika zaidi na mazoezi, hakuwa na mahali pa kuandikwa. Nakuru, yenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa hiyo hiyo, ilipanga bajeti zake bila kujua ina watoto wangapi wa aina hiyo.

Mtoto hupunguza kipato

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao aghalabu husahauliwa. Umaskini humrudisha mtoto nyuma, lakini mtoto mwenye mahitaji makubwa naye huirudisha familia nyuma. Mara nyingi familia haikuwa maskini hivyo alipozaliwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, mama wa mtoto asiye na tatizo hurejea kazini na kumwacha mwanawe kwa jirani au katika vituo vya kulea watoto mchana. Mwenye mtoto anayetetemeka kwa degedege na anayelishwa kwa saa nzima hukuta milango imefungwa. Mlezi wa watoto kumi hawezi kumchukua wa kumi na moja anayehitaji mikono miwili peke yake.

Basi mama huacha ajira, au husimamishwa kwa kukosa kazini mara nyingi. Huanza kuuza mboga karibu na nyumbani, au kufulia watu nguo kwa kutwa. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shambani asiye na ujuzi, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kilikuwa chini kidogo ya Sh8,000 kwa mwezi. Hata hicho kidogo hukipoteza, pamoja na bima na akiba ya uzeeni iliyoambatana nacho.

Katika familia nyingi, baba naye huondoka. Wanaofanya kazi na wazazi hawa hulisimulia jambo hilo kwa uzoefu wa kuchosha: mume husema kwao hakujawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo, kisha simu yake huzima. Mapato ya watu wawili huwa ya mtu mmoja, na ya mtu mmoja huwa nusu.

Dada mkubwa wa mtoto huingia hapo. Hukosa shule siku ambazo mama amepata kibarua. Hakuna fomu ya hospitali inayouliza juu yake.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilizidisha hali hii kwa familia za ukanda huu. Maelfu walihamia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru na kambi nyinginezo. Familia inayokimbia usiku hubeba mtoto na huacha kiti. Maziwa ya Bonde la Ufa yalipofurika mwaka wa 2020, walioishi kandokando ya Naivasha na Baringo walihama tena, na kwa mtoto asiyeweza kutembea kila kuhama ni kuanza upya kumtafuta mtaalamu, jirani mwema na shule itakayomkubali.

Pesa si kila kitu

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kuwa shilingi zikiongezeka basi utendaji wa mtoto huongezeka kwa mstari ulionyooka. Zipo familia za kipato kizuri ambako mtoto hufanya machache kuliko anavyoweza.

Sababu ni wepesi wa kusaidiwa. Yaya humvisha, humlisha, humwosha na kumbeba kutoka chumba hadi chumba. Ni haraka, ni safi, na wageni hawaoni aibu. Lakini mtoto ambaye hajaachwa ahangaike na kifungo cha shati kwa dakika kumi hatajifunza kukifunga. Anaweza kuwa na kiti cha bei ghali na asijue kukisukuma hata hatua tatu.

Aidha, ua mrefu wa nyumba ya kifahari huficha. Mtoto wa ploti huonekana na kila mtu, hutaniwa, lakini pia hubebwa na watoto wenzake hadi mahali pa kuchezea. Kuna mashamba Njoro na Bahati ambako mtoto anayejiburuta kwenye nyasi akiwafuata ndugu zake amepata nguvu za mikono ambazo hakuna kliniki ingempa.

Hoja hii isitumiwe na yeyote kuupamba ufukara. Mtoto huyo wa Bahati angekwenda mbali zaidi kama angekuwa na kiti na shule. Maana yake ni kwamba fedha hufanya kazi zikifuatana na maarifa: mzazi akiambiwa mapema nini cha kufanya, na kwa nini asimfanyie mtoto kila kitu.

Sh2,000 zilizogandana

Serikali imefanya nini? Kwenye karatasi, mengi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

Msaada unaoifikia moja kwa moja nyumba yenye mtoto wa aina hii ni ruzuku ya watu wenye ulemavu mkali, iliyo chini ya mpango wa Inua Jamii. Ilipoanza mwaka wa 2011, kiwango kilikuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba iliyoteuliwa. Miaka mingi baadaye kiwango kilikuwa kile kile, ilhali bei za bidhaa nchini zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu. Mara kadhaa malipo yamewahi kucheleweshwa kwa miezi.

Rejea hesabu ya nauli. Mama yule wa mfano wetu, akiipata ruzuku, angebaki na Sh400 baada ya safari nne za kliniki. Hizo ndizo za nepi, dawa, chakula na kiti.

Linganisha na nafuu ya kodi. Tangu 2010 mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa ameweza kusamehewa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Ni haki yake, na si neno la kubezwa. Lakini ni nafuu inayomfaa aliyekwisha kuvuka: aliyesoma, akaajiriwa, akapata hati ya mshahara. Mama mboga wa Free Area hana hati ya mshahara, na mtoto wake hana kazi. Mfumo umekuwa mkarimu zaidi kwa aliyefika kuliko kwa anayejikokota njiani.

Bima ya afya nayo imebadilika. Hazina ya NHIF ilifikia kikomo Septemba 2024, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaanza kazi Oktoba mosi. Mchango uliwekwa kuwa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na walio nje ya ajira rasmi wakatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Sh3,600 kwa mkupuo si ndogo kwa nyumba inayoishi kwa pesa za kutwa. Nyumba hizo ndizo hasa zenye watoto tunaowazungumzia.

Vifaa ni mlima mwingine. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka wa 2022 ilionyesha kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi ndio huvipata, dhidi ya asilimia 90 katika nchi tajiri. Na kwa mtoto, kiti si kitu cha kupewa mara moja katika hafla, picha zikapigwa, mambo yakaisha. Mtoto hukua. Kiti kilichomtosha akiwa na miaka minne humkunja uti wa mgongo akiwa na saba.

Viti vya wafadhili vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima wa hospitali, ambavyo mwanasiasa hugawa wakati wa kampeni, humdhuru mtoto wa aina hii. Huzama ndani yake, kichwa kikining'inia. Afadhali kiti cha pembeni cha mbao kilichochongwa na seremala wa mtaa kwa vipimo vya mtaalamu, au hata kile cha makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa gundi, mbinu iliyoanzia Zimbabwe na ambayo gharama yake kubwa ni muda.

Kazi iliyoonekana

Nyahururu, kilomita chache kutoka mpaka wa Nakuru, kuna shirika la Kikatoliki la St Martin ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limefanya kazi na watu wenye ulemavu kwa njia iliyo kinyume na ile ya kuwajengea bweni. Huwafunza majirani. Wajitolea wa kijiji ndio hutembelea nyumba, ndio humjua mtoto kwa jina, na ndio humsaidia mama kufika kliniki. Jamii hutakiwa kuchanga, hata kama ni viazi.

Huko Uganda, mpango uitwao Akwenda ulijaribiwa katika eneo lile lile la utafiti. Wazazi walikutanishwa kwa vikundi, wakafunzwa kumlisha, kumketisha na kumchezesha mtoto, wakapewa vifaa vilivyotengenezwa papo hapo, na wataalamu wakawafuata nyumbani. Tathmini yake ilionyesha maendeleo katika shughuli za watoto, katika nyumba zile zile, bila kipato kupanda.

Hapa nyumbani, watu wa kuifanya kazi hiyo tayari wapo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vipima joto, vipima shinikizo la damu na vinginevyo. Wanapita nyumba kwa nyumba Rongai, Subukia na Gilgil. Kumfunza mhudumu kutambua mtoto wa miezi sita asiyeshika shingo, au wa miezi tisa asiyeweza kuketi, hakuhitaji mashine.

Ugumu uko katika hatua inayofuata. Mhudumu akishamtambua mtoto wa Kiptagich, anampeleka wapi? Afya ilipogatuliwa mwaka wa 2013, kuajiri wataalamu wa tiba ya viungo kulikuwa jukumu la kaunti, na zahanati za mashinani hazikuwahi kuwa na nafasi za wataalamu hao. Mtaalamu mmoja mwenye pikipiki, akizunguka zahanati nne au tano kwa siku maalumu za wiki, angezifikia nyumba nyingi ambazo leo hutumia nauli kumfuata.

Elimu ina mwanya kama huo. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na vilikuwa na sifa barani. Elimu ya chekechea ilipokabidhiwa kaunti, tathmini ilibaki kwa serikali kuu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huanza chekechea mikononi mwa kaunti, kisha huvuka kwenda shule ya msingi mikononi mwa Nairobi. Faili lake, kama lipo, husafiri kwa mkono wa mama.

Sensa ijayo, kwa utaratibu wa kila miaka kumi, itafanyika mwaka wa 2029. Shirika la Takwimu la Kitaifa lina wakati wa kutosha kuamua iwapo dodoso lake litawauliza wazazi kuhusu ulemavu wa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kaunti ya Nakuru haihitaji kulisubiri: wahudumu wake wa jamii tayari huandikisha kila nyumba wanayoitembelea, na safu moja zaidi katika rejista hiyo ingetosha kuanza.